Mmoja ananisikiliza, mwingine ananipandisha lifti: nibaki na nani?

Shikamoo mama mshauri,

Nimesoma safu hii kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nitaiandikia. Naomba jina langu ulihifadhi. Nina miaka 34, nimeolewa, nina mtoto mmoja, na ofisi ninayofanyia kazi iko ghorofa ya 6. Utaona kwa nini nataja ghorofa.

Miaka 2 iliyopita nilifiwa na kaka yangu, tuliyefuatana kuzaliwa. Aliugua wiki 3 tu. Siku aliyofariki nilikuwa nakwenda kumwona. Nilikuwa ndani ya lifti ya hospitali, nimebeba mfuko wenye shuka zake safi, simu ikaita na sikuipokea kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Mlango ulipofunguka nilimkuta shangazi amesimama pale nje ananisubiri. Hakusema kitu, wala hakuhitaji kusema.

Nilizika, nikarudi kazini, nikajikaza. Wiki kama 6 baadaye, asubuhi moja ndani ya lifti ya ofisini, moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma, nikajua nakufa pale pale mbele ya watu. Nilipelekwa hospitali. Nilipimwa moyo, nikapimwa damu, kila kitu kizima. Daktari akaniambia ni shambulio la hofu na akanishauri nimwone mtaalamu wa saikolojia. Tangu siku ile sijapanda lifti ya ofisini. Ninapanda vidato 118 kila asubuhi. Nimevihesabu mara nyingi kiasi kwamba miguu inavijua yenyewe.

Mshauri wangu wa kwanza ni mama mtu mzima. Nimekuwa kwake kila wiki kwa miezi 9. Hakatizi mtu, haharakishi mtu. Siku ya kwanza niliyomtaja kaka kwa jina nililia karibu nusu saa, naye hakusema neno, alisogeza tu boksi la tishu taratibu mpaka likagusa goti langu. Kwake nimezungumza habari za kaka ambazo hata mume wangu hajazisikia. Sasa naweza kuitazama picha yake. Nalala usiku. Lakini lifti, hapana. Aliwahi kuniuliza, “Na kazini unapandaje?” Nikamjibu, “Ngazi zinanipa mazoezi, mama.” Tukacheka, yakaisha. Miezi 2 iliyopita akaniuliza hofu inaendeleaje, nikamwambia imeondoka. Nilimwona alivyofurahi. Sikuwa na moyo wa kumnyima furaha ile.

Mume wangu ni mtu mwema ila hana subira. Aliniambia, “Unakwenda kulia saa nzima, kisha kesho unapanda ngazi. Hiyo ni tiba gani?” Yeye ndiye aliyesoma habari za tiba ya fikra na tabia, ile wanayoiita CBT, akanitafutia mshauri wa pili. Sasa ni wiki ya 7 niko kwake, na mama hajui.

Huyu wa pili ni kijana, labda rika langu. Ananipa karatasi yenye safu 3: kilichotokea, nilichowaza, ushahidi wa nilichowaza. Ananizungusha kwenye kiti mpaka nipate kizunguzungu, kisha ananiuliza hofu ni ngapi, kuanzia 0 hadi 10. Wiki ya 3 alinipeleka kwenye lifti ya jengo lake, tukasimama ndani mlango ukiwa wazi. Wiki iliyofuata tukaenda ghorofa ya 1, halafu ya 2. Tulipofika ya 3 nilishindwa, nikatoka mbio. Hakusema hata pole. Alishuka nami kwa ngazi, kidato kimoja nyuma yangu, kimya, na tulipofika chini akaandika “8” kwenye karatasi yake. Nilijiona kama gari lililopelekwa gereji. Lakini Alhamisi iliyopita nilifika ghorofa ya 4 peke yangu, mama mshauri. Peke yangu! Halafu nikalia ndani ya gari, kwa sababu mtu niliyetaka kumsimulia ni yule mama, na siwezi.

Huyu kijana hajui habari za kaka. Aliniuliza hofu ilianzaje, nikasema ilianza tu ofisini. Naona kwake si mahali pa kulia.

Na juu ya yote, rafiki yangu ananiambia wote wawili wananichelewesha, niende kwenye tiba ile ya kufuatisha vidole kwa macho, EMDR, ambayo anasema ilimtoa kwenye kiwewe chake kwa muda mfupi.

Nisaidie. Tiba ipi ndiyo inayofanya kazi kweli, na zipi ni za kufarijiana tu? Nikimwacha yule mama nitakuwa nimemsaliti? Na kama kijana ndiye anayenisaidia, mbona nikitoka kwake najisikia mpweke hivi?

Wako,
Mpanda Ngazi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kaka. Najua utakuwa umeambiwa pole nyingi katika miaka hii 2, lakini umenionyesha ule mfuko wa shuka, na siwezi kuupita nikaanza kukujibu maswali.

Nikikuelewa vizuri, una watu wawili wa kukusaidia, na kila mmoja ana kitu ambacho mwingine, kwa macho yako, hana. Kwa mama unapata pa kuweka huzuni, lakini vidato 118 viko pale pale. Kwa kijana vidato vimeanza kupungua, lakini unarudi nyumbani kama mtu aliyetoka karakana. Mumeo anapima kwa matokeo, rafiki yako anapima kwa yaliyompata yeye, na wewe uko katikati na siri mkononi. Unataka nikuambie ipi ni tiba ya kweli. Kuchagua ni kwako, sitakuchagulia. Ila swali lako lina historia ndefu, na sehemu ya jibu lake itakushangaza.

Watu wa fani hii wamegombana juu ya jambo hilo hilo kwa karibu miaka 90. Mwaka 1936 mwanasaikolojia wa Marekani, Saul Rosenzweig, aliona kwamba tiba zinazopingana kabisa kwa nadharia zote zinaponya watu, akauliza kama huenda kinachoponya ni kile zinachoshirikiana, kisicho na jina katika nadharia yoyote. Mwaka 1952, huko Uingereza, Hans Eysenck alikuja na hoja nzito zaidi: kwamba hakuna ushahidi kuwa tiba ya mazungumzo inasaidia kuliko kumwacha mtu na muda wake. Maneno yale yaliuma, na kwa maoni yangu yalifaa kuuma, kwa sababu yaliwalazimisha watu kupima badala ya kujisifu. Mwaka 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass walikusanya tafiti karibu 375 wakazijumlisha pamoja. Walichokuta ni kwamba mtu wa kawaida aliyepata tiba alikuwa na hali nzuri kuliko watu 75 kati ya 100 wasioipata. Walipolinganisha tiba na tiba, tofauti zilikuwa ndogo mno kuliko wenye tiba hizo walivyotamani.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema njia yake ndiyo peke yake yenye ushahidi na nyingine zote ni kufarijiana, ujue anakatisha habari njiani. Na anayesema njia zote ni sawa, uchague tu unayoipenda, naye anakatisha, maana yapo matatizo ambayo njia ina uzito mkubwa, na hofu yako ni mojawapo.

Hapa mumeo ana lake la kusikilizwa. Ngoja nikueleze kijana yule anafanya nini, kwa sababu nadhani hakukueleza vya kutosha, au alikueleza ukiwa na kizunguzungu. Shambulio la hofu ni king'ora cha mwili kinacholia pasipo moto. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, vidole vinakufa ganzi, na akili inatafuta sababu: nakufa. Wazo hilo nalo linaongeza hofu, hofu inaongeza mapigo, mapigo yanalithibitisha wazo. David Clark wa Uingereza aliueleza mzunguko huo mwaka 1986, na tiba nyingi za hofu ya aina hii zimejengwa juu yake. Ukikimbilia ngazi, king'ora kinanyamaza, nawe unajifunza kwamba ngazi zimekuokoa. Kesho unazihitaji tena. Anapokuzungusha kwenye kiti anauletea mwili wako zile zile dalili mahali salama, ili uone kwa macho yako kwamba zinapanda, zinafika kilele, zinashuka, nawe bado upo. Ile “8” aliyoandika ndiyo hesabu ya jambo hilo. Kumkaribisha mtu hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa ni mojawapo ya mambo machache katika fani yetu yenye ushahidi mwingi na wa miaka mingi. Mazungumzo matamu peke yake, kwa hofu ya lifti, mara nyingi hayafiki huko. Nasema hivi nikiwa mtu ambaye kazi yangu kubwa ni kusikiliza.

Lakini hebu turudi kwenye ngazi za jengo lake, siku uliyotoka mbio. Unasema hakusema hata pole. Mimi nilipoisoma sehemu ile nilimwona mtu aliyeweza kukuacha ushuke peke yako, au akashuka kwa lifti akakusubiri chini. Alishuka nawe, kidato kimoja nyuma, kimya. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo, na inawezekana kweli ni mtu mkavu. Wapo. Inawezekana pia kwamba ule ulikuwa ndio upole wake, nawe hukuutambua kwa kuwa umezoea upole unaosogeza boksi la tishu. Sijui ni lipi kati ya hayo. Nauliza tu, kwa sababu ukiondoka kwake ukidhani ni mashine kumbe ni mtu mwenye haya, utakuwa umepoteza kitu.

Na mama je? Mumeo anasema unakwenda kulia tu. Unalala usiku, unaitazama picha ya kaka. Hayo si madogo, na sidhani kwamba yalikuja kwa kupita siku tu. Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba mtu hubadilika anapokutana na mwingine anayemwelewa kwa ndani, anayemkubali bila masharti, na asiyejifanya. Alikwenda mbali, akasema hayo yanatosha. Wengi leo tunasema ni ya lazima ila si kila mara yanatosha. Mwaka 2018 Christoph Flückiger na wenzake walijumlisha tafiti 295 za watu zaidi ya 30,000, wakaona kwamba maelewano kati ya mteja na mshauri yanakwenda pamoja na matokeo mema, katika tiba za kila aina, hata hizo za karatasi zenye safu 3. Uhusiano huo si mkubwa wa kutisha, lakini ni wa kudumu: unaupata kila unapotazama. Kuna tahadhari moja ambayo napenda uijue: mtu aliyeanza kupata nafuu naye humpenda zaidi mshauri wake, kwa hiyo si rahisi kusema kipi kilitangulia.

Neno hilo, maelewano, watu hulichukulia kuwa ni kupendana. Edward Bordin, mwaka 1979, alilipasua vipande 3. Kuna mapenzi na kuaminiana, ndiyo. Kuna kukubaliana tunakwenda wapi. Na kuna kukubaliana juu ya kazi ya kutufikisha huko. Nikiviweka vipande hivyo juu ya barua yako, naona kwa mama una cha kwanza kwa wingi, na cha pili kimekufa siku ile mliyocheka juu ya mazoezi. Kwa kijana una cha pili na cha tatu, na cha kwanza hakijapewa nafasi. Nimechagua neno hilo makusudi: hakijapewa nafasi.

Sasa naomba uvumilie, nikuambie kilichonifanya niiweke chini barua yako, ninyamaze kidogo, kisha niishike tena.

Habari za kifo zilikukuta ndani ya lifti. Uliniandikia sentensi hiyo mapema kabisa, kwa utulivu, kisha ukaendelea. Mama anamjua kaka, hajui kwamba lifti bado inakushinda. Kijana anaijua lifti, hajui kwamba kulikuwa na kaka. Kila mmoja umempa nusu, na nusu hizo zinakutana mlangoni, pale alipokuwa amesimama shangazi yako. Nadhani, na ninaweza kukosea, kwamba ule upweke unaotoka nao kwa kijana hautokani na karatasi zake. Unapanda naye kwenye chumba kile kidogo cha chuma ukiwa umebeba mfuko ambao yeye hauoni.

Hapo ndipo ninapoanza kutilia shaka swali lenyewe la tiba ipi. Kijana anakutibu kwa ramani uliyomchorea, nayo haina hospitali. Mama naye anaamini hofu imeondoka. Wala usidhani kwamba mtaalamu mzuri angetambua mwenyewe. Kuna utafiti wa mwaka 2005 ambao mimi huukumbuka kila ninapoanza kujiamini kupita kiasi. Waliwauliza washauri wabashiri ni wateja gani kati ya 550 wangemaliza tiba wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza. Wakabashiri 3. Waliokuwa na hali mbaya walikuwa 40. Hao ni watu waliosomea, wanaokaa na wateja uso kwa uso, na walikosa kuona. Ndiyo maana siku hizi wapo washauri wanaompa mteja karatasi fupi ya kujaza kila kipindi, aseme anaendeleaje na kama kikao kilimfaa. Ni jambo dogo na la kuchosha, lakini linawapa nafasi watu kama wewe, wenye adabu, kusema lile ambalo mdomo unalionea haya.

Nami nimewahi kukaa upande huo. Miaka kadhaa iliyopita, mteja ambaye nilidhani tunaelewana kama mtu na dada yake alinitazama, akaniambia, “Mama, leo naomba usiniulize najisikiaje. Kila ukiuliza natafuta jibu la kukufurahisha.” Niliona joto limenipanda usoni. Lakini kazi yetu ya kweli ilianza siku ile. Jeremy Safran, aliyetumia maisha yake kuchunguza nyufa kati ya mshauri na mteja, alionyesha kwamba ufa ukisemwa ukazibwa huweza kuwa sehemu ya tiba yenyewe. Na kwako wewe, uliyejikaza tangu siku ya mazishi, kumwambia mtu unayempenda “sijapona kama nilivyosema” huenda ni lifti nyingine. Nawaza tu kwa sauti.

Tuangalie basi njia zilizo mbele yako, kila moja na hatari yake.

Unaweza kumwambia mama kila kitu: ngazi, kijana, ghorofa ya 4. Hatari ni kwamba ataumia, au atajitetea, na ukiona hivyo utapata habari muhimu juu yake, ingawa ni chungu. Huenda akakubali kufanya nawe kazi ya lifti. Huenda akasema hiyo si fani yake, ambalo ni jibu la heshima. Kuhusu usaliti, mwanangu, mshauri anafanya kazi ili siku moja usimhitaji. Ukiondoka kwa kumuaga, hujamsaliti. Kinachonisumbua kidogo ni kutoweka kimya kimya, maana kaka naye aliondoka kabla hujafika, na sipendi uwe na mlango mwingine uliofungwa bila kwaheri.

Unaweza kumwachia kijana kazi yote. Inaelekea lifti utaishinda. Hatari ni kwamba utaishinda ya ofisini, kisha siku moja ukamfuata mgonjwa hospitali na king'ora kikalia upya, kwa sababu huko ndiko kilikoanzia na huko hamjafika. Hofu iliyofundishwa kunyamaza haifutiki kabisa, hasa mahali pasipofanyiwa mazoezi. Kijana akijua, anaweza kuingiza hilo kwenye mpango wake. Tiba ya fikra na tabia ina nafasi ya huzuni. Usidhani haina kwa kuwa hujaiona.

Unaweza kubaki na wote wawili. Watu wengi watakuambia haiwezekani, na washauri wengine hawakubali, kwa hofu kwamba mteja atapata maelekezo mawili yanayogongana: mmoja anasema kaa na hofu, mwingine anasema jipumzishe. Inaweza kwenda vizuri pale wote wanapojuana na kila mmoja anajua kazi ya mwenzake. Kwa siri, sioni ikidumu. Tayari imekuliza ndani ya gari siku ya ushindi wako.

Kuhusu EMDR, rafiki yako hakudanganyi. Francine Shapiro aliianzisha mwaka 1987, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, pamoja na CBT iliyolenga kiwewe, kwa watu wenye maradhi yanayofuata kiwewe. Ubishi uliobaki ni kama kusogeza macho ndiko kunakoponya au ni kule kuikabili kumbukumbu ukiwa na mtu wa kukushika. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu inayorudi kana kwamba inatokea sasa. Je, ule mlango wa hospitali unarudi hivyo kwako, usiku, au lifti inapofunguka? Hukuniambia. Mtaalamu atakayekuuliza hilo kabla ya kukuuzia njia yoyote anastahili kusikilizwa. Hatari ninayoiona ni kumwendea mshauri wa tatu na kumpa theluthi.

Umenipa wazo pia kwamba upole uko upande mmoja na mbinu upande mwingine. Nakuomba uliangalie tena. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafunza wahudumu wa afya wa kijamii, wengi wao bibi watu wazima, wakae na watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mtu angedhani bibi wale wanafariji tu. Hapana, wana hatua: mtu anafungua moyo, anataja matatizo yake yote, wanachagua moja, wanapanga jambo dogo la kufanya kabla ya kuonana tena. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi yule anakushika mkono na anakupa kazi ya nyumbani. Huenda mama wako ana karatasi ambazo hajazitoa, kwa kuwa hukuonyesha kuzihitaji. Na kijana huenda ana tishu mahali fulani kwenye droo.

Kwa mumeo, mwambie amepata nusu ya jambo, na umshukuru. Kama ataweza, mwombe asikuulize kila siku umepanda nini.

Hujauliza pa kuanzia, na sitaki kukuwekea maneno mdomoni. Ila nimeona jambo moja. Umeniandikia mimi, mtu usiyenijua sura, barua yenye nusu zote mbili: kaka, shuka, shangazi, vidato, “8”, gari. Ni maelezo kamili kuliko yaliyo kwenye faili la yeyote kati yao. Kama kusema ni kugumu, unaweza kuichapa barua hiyo hiyo na kumpa mama, au kijana, au wote. Si lazima uisome kwa sauti. Mpe aisome, wewe tazama dirishani. Ukiona bado, ibaki kwenye mkoba mpaka utakapokuwa tayari. Hofu ya kifua ikibadilika ikawa ya namna nyingine, au siku zikawa nzito hadi usione sababu ya kuamka, basi usisubiri barua wala kikao, mwendee daktari siku hiyo hiyo.

Na Alhamisi ile, ghorofa ya 4, peke yako. Hukuwa na wa kumsimulia, ukanisimulia mimi. Nimefurahi sana, mwanangu. Niandikie tena, hata kama ni kuniambia kwamba bado unapanda ngazi.